Susu Alikuwa Wapi Siku Ile

Jumapili, 14 Septemba

Nimechaguliwa! Mdahalo wa mwisho wa mwezi, ukumbi wa kanisa, na mtetezi mkuu wa hoja ni mimi. Ndung'u, mwenyekiti wetu wa midahalo, alisimama baada ya matangazo akasoma: "Ushahidi wa mtu aliyeona si wa kutegemewa." Watu wakageuka kunitazama kabla hajataja jina lolote. Nikajifanya nashangaa. Sikushangaa hata kidogo.

Anayepinga ni Selpher, mwalimu wa sekondari. Ana akili sana yule mama, lakini husoma kutoka kwenye karatasi. Mimi sisomi. Mimi huongea.

Mfano wetu utakuwa mauaji ya Wandera, hilo halina mjadala. Mwezi huu redio zote ni Wandera, Wandera, kwa sababu kesi imerudi mahakamani. Naftaly Wandera, mbunge na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alipigwa risasi Makongeni mbele ya nyumba za reli nikiwa na miaka sita. Aliyefungwa ni Phares Ooko, naye alikuwa mtu wa reli. Alihukumiwa kunyongwa, ikageuzwa kifungo cha maisha, akaachiliwa juzi juzi akiwa mzee wa mvi. Sasa anataka mahakama iseme hakuua.

Na shahidi ambaye maneno yake yalimfunga Ooko ni baba yangu mzazi. Mbaluka wa reli. Nchi nzima ilimjua kwa jina.

Tukitoka, mke wangu Celine akauliza: na Baba atakuwepo siku hiyo? Nikamwambia atakuwepo, tena atakaa mbele kabisa, Ndung'u amemwalika kama mgeni wa heshima. Akakunja uso. Nikamwambia, ni mdahalo, Mama Kisilu! Leo unatetea, kesho unapinga. Baba mwenyewe anajua hivyo.

Jumatano, 17 Septemba

Dukani leo wateja wachache. Simiti mifuko kumi na kitu, misumari, basi. Nafasi nzuri ya kujiandaa.

Nimemjaribu dereva wa lori anayetuletea mchanga. Nikamuuliza, jana nilivaa shati la rangi gani? Akasema la bluu, tena akaapa. Jana nilivaa jeupe. Nikamuuliza meneja, akasema lenye mistari. Wote wana hakika! Hapo ndipo penye utamu wa hoja yangu. Mtu haoni, halafu anajaza mwenyewe, halafu anaapa.

Hadithi ya Baba naijua kama Baba Yetu. Kila mwaka siku ya Wandera ikifika, majirani hukusanyika uani Makongeni, naye husimama pale pale kwenye mfereji wa maji. "Nilikuwa hapa nachota. Wandera alikuwa getini, anasalimia watu. Ooko akatokea upande ule. Akanyanyua mkono hivi." Na mkono wake unanyanyuka. Nikiwa darasa la kwanza watoto walinionyesha kwa vidole: baba yake ndiye aliyeona. Nilitembea kifua mbele, bwana. Mpaka leo bado natembea hivyo, nikisema ukweli.

Lakini mdahalo ni mdahalo. Nitazungumza kwa jumla. Macho, hofu, umbali, miaka. Baba sitamgusa.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimetoka Makongeni. Nilikwenda kuwasalimia wazazi na kuokota mambo mawili matatu ya mdahalo.

Baba alikuwa kwa kinyozi. Mama alikuwa peke yake kwenye veranda, ungo mapajani, anachambua maharagwe ya isyo, yale ya kupikwa na mahindi. Nikakaa chini nikachambua naye. Nikamuuliza siku ile ilikuwaje, si ya redioni, ya hapa nyumbani. Akaanza kucheka.

Lazima niandike vizuri alivyosema. Susu, mama yake Mama, alikuwa amekuja kutoka Mwingi na kuku na kunde. Baba na Susu walishika ile nthoni ya zamani, ya Wakamba kabisa: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Sasa Makongeni hakuna kichaka. Kwa hiyo Susu akija, Baba alikuwa akipita mlango wa jikoni kama mwizi. Hilo nalikumbuka hata mimi.

Basi siku ile, anasema Mama, Susu alikuwa anaondoka. Alinishika mkono mimi, mtoto wa miaka sita, nimsindikize, tukafika getini. Baba alikuwa amenaswa mferejini katikati ya uwanja na ndoo yake, hana pa kukimbilia. "Akageukia ukuta wa nyumba, maskini, kama mtoto aliyeadhibiwa. Nilikuwa hapa hapa, nilicheka! Halafu nikasikia risasi."

Akaacha kucheka. Akatoa jiwe kwenye maharagwe akalitupa uani.

Sijui kama alisikia mwenyewe alichokisema. Mimi nilisikia. Wandera aliangukia getini. Kama Susu alikuwa getini, basi Baba alikuwa ameligeuzia geti mgongo. Na mtu aliyeligeuzia geti mgongo hakuona mkono wa Ooko, wala wa mtu yeyote.

Niseme kweli hapa, maana hakuna anayesoma. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Nilifurahi. Nilisema moyoni, hii ikitoka pale mbele, Selpher amekwisha!

Jumanne, 23 Septemba

Sitaitumia.

Nimemwambia Celine habari yenyewe, akasema nisithubutu. Akasema pia niende nikazungumze na Baba, faraghani, maana kuna mtu alikaa gerezani. Amesema kweli. Nitakwenda. Mdahalo ukishapita.

Au naweza kuitumia bila kutaja jina? Hapana. Sitaitumia.

Jumapili, 28 Septemba

Mungu wangu.

Niandike kwa mpangilio, labda kichwa kitatulia.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Baba mbele kabisa, suti ya kijivu, tai ya reli, kofia magotini. Mama kando yake. Nilianza vizuri. Niliwaambia wote wafumbe macho waniambie pazia lililo nyuma yangu ni la rangi gani. Kelele! Jekundu, bluu, kijani. Baba naye akapaza sauti, "Kijani!" Wakafumbua, pazia ni la rangi ya maziwa. Baba alicheka kuliko wote, akanipungia kofia. Alijivunia mwanawe. Niliona.

Kisha Selpher. Leo hakusoma karatasi. Akashuka jukwaani, akamwendea Baba, akasema: "Huyu mzee hapa, jaji alimwamini, nchi ilimwamini. Ninyi mnamjua. Leo mwanawe wa kumzaa anataka kutuambia baba yake haoni?" Makofi! Akina mama wakapiga vigelegele. Baba akainamisha kichwa kwa haya, anatabasamu.

Nilikuwa nashindwa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, hakuna sababu nyingine nzuri zaidi. Ndung'u akanipa dakika za mwisho za kufunga hoja, watu wanamtazama Selpher, na mimi nilikuwa nashindwa.

Nikasema, sitaji mtu. Chukueni shahidi yeyote, Mkamba, mtu wa heshima zake. Yuko uani. Mama mkwe wake amesimama getini. Mbunge anapigwa risasi getini hapo hapo. Wakamba wenzangu, huyo mkwe anatazama wapi?

Mzee mmoja nyuma akapaza sauti: "Ukutani!"

Nikasema: "Basi twendeni tukauulize ukuta nani aliua!"

Ukumbi ulipasuka. Watu walipigana mabegani. Sijawahi kuchekewa vile. Na Baba naye alicheka, ndilo linaloniua, alicheka pamoja na watu kwa sababu mwanawe ametoa kichekesho. Halafu kicheko chake kikapungua. Nilikuwa namtazama kikipungua. Alimtazama Mama. Mama alikuwa ananitazama mimi.

Akasimama. Akavaa kofia mle mle ndani, yeye ambaye hunikemea nikivaa kofia hata kwenye ngazi za kanisa. Akatoka polepole kupitia katikati, watu wakimpisha, wengine bado wanacheka hawajaelewa.

Ndung'u akaita kura. Tumeshinda kwa mbali. Zawadi ni flaski mpya ya chai. Nikaipokea. Kwa mikono miwili, na shukrani!

Nimeibeba flaski mpaka nyumbani Njiru. Mwanangu Kisilu akauliza, mbona Babu ametoka kabla ya sala? Nikamwambia amechoka.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimempigia Baba simu. Haishiki. Nimempigia Mama. Haishiki.

Flaski iko juu ya kabati. Celine ametengeneza chai kwenye sufuria, akaimimina kwenye birika la zamani.

Jumatano, 1 Oktoba

Kuna mtu alinirekodi. Bila shaka. Klipu inazunguka, ni ile sehemu ya ukuta tu. Meneja ameniita "Wakili wa Ukuta" mbele ya wateja. Nimecheka naye. Sijui ni nani aliyenifundisha kucheka wakati wote.

Saa tano akaingia mama mmoja, kama rika langu, sare ya wahudumu wa hospitali. Nikadhani anataka rangi. Akasema, "Wewe ndiye Mumo? Mimi naitwa Adhiambo. Binti wa Phares Ooko."



Nilitegemea atanitukana. Ningependa anitukane. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili akasema asante. "Ndugu yangu, mtu kusimama mbele ya watu aseme ukweli juu ya baba yake mwenyewe! Mimi nisingeweza." Macho yamemjaa machozi. Yeye anaamini nilifanya ujasiri. Nilitaka kumwambia, dada, nilitaka kumshinda mwalimu. Sikumwambia.

Wakili wao ameiona klipu. Anataka niandike hati ya kiapo, niseme Susu alikuwa wapi. Nikamwambia Adhiambo, mimi niliambiwa tu, na mama yangu. Akasema, "Lakini pale kwa klipu umesema kama mtu aliyekuwepo. Na ulikuwepo, si ndiyo? Hati za kesi zinasema bibi alikuwa na mtoto, lakini hazisemi walikuwa wapi."

Ndiyo. Mtoto huyo ni mimi. Kwamba mimi nami ni shahidi, hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja, katika maandalizi yangu yote mazuri.

Nimemwambia nitafikiria.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimerudi kutoka kazini nikamkuta Mama sebuleni. Mama hafiki Njiru katikati ya juma. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, leso kichwani, mkoba mkononi, kama aliye kwenye foleni. Celine amemwekea chai. Haijaguswa.

"Nilikwambia wewe. Sikuwaambia watu."

Nikasema, Mama, nisamehe. Akasema hakuja kwa hayo. Baba yangu haendi tena kwa kinyozi. Haendi dukani. Watoto wa ploti wamejifunza mchezo, mmoja anageukia ukuta, wengine wanauliza nani aliua. Juzi walicheza chini ya dirisha lake.

Kisha akasema, "Na nilikosea. Susu hakuwa getini. Alikuwa kwenye veranda."

Nikamwambia, lakini Mama, ulisema alikuwa anaondoka, ulisema ulicheka. Akaniangalia usoni, bila kupepesa. "Nilikuwa nachambua maharagwe. Nilikuwa napiga hadithi na mtoto wangu. Umeniwekea kiapo wakati nachambua maharagwe?"

Mama hajawahi kunidanganya maishani. Sijui kama alikuwa ananidanganya Jumamosi ile bila kujua, au leo anajua. Lakini kama ni leo, basi mimi ndiye niliyemfunza uongo mama wa miaka sabini na sita. Mimi na Celine tumemsindikiza mpaka steji. Hakunishika mkono kuvuka barabara, ameshika mkono wa Celine.

Jumapili, 5 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nilikwenda Makongeni.

Nilimkuta Baba mlango wa nyuma, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapiga viatu rangi. Nilianza hotuba. Nilikuwa nimeitayarisha! Nikafika kama sentensi ya tatu, akanyanyua brashi. Nyamaza. Nikanyamaza.

Akavaa viatu, akanishika kiwiko, akanipeleka uani mpaka mferejini. Majirani wakaingia ndani taratibu, kwa adabu. Ni vibaya zaidi wakiwa na adabu.

"Simama hapa," akasema. "Nyumba iko nyuma yako?" Ndiyo, Baba. "Geti liko mbele?" Ndiyo. "Susu alikuwa kwenye veranda, pale, amekupakata. Sasa wewe ni mimi. Hutakiwi kumtazama. Unatazama wapi?"

Nikatazama geti.

"Ehe," akasema. "Si kwamba niliona ingawa kulikuwa na nthoni. Niliona kwa sababu ya nthoni! Nisingekuwa na mkwe pale, ningekuwa natazama ndoo yangu kama mtu mwingine yeyote."

Hakupandisha sauti. Nilisimama pale na maji yanadondoka, tone, tone, nikaona hoja yangu yote, makofi yote, flaski, imegeuzwa juu chini na mzee wa miaka themanini kwa maneno machache. Ikiwa Susu alikuwa veranda, nthoni inamfanya Baba kuwa shahidi bora kuliko wote. Ikiwa alikuwa getini, inamfanya si shahidi. Desturi ni ile ile. Kila kitu kiko kwenye mahali aliposimama bibi mmoja ambaye alikufa zamani, na mimi nilikuwa naye.

Nikamuuliza, Baba, una hakika? Lilinitoka tu.

"Kwa hiyo leo ndiyo unaniuliza," akasema. "Ulinialika nikakae mbele, ukaniuliza baadaye."

Naona aibu kiasi kwamba hata kuandika neno lenyewe ni kama kujipendelea.

Nikiondoka akaniita. "Wewe ulikuwa mapajani mwake, Mumo. Hukumbuki?"

Nilimwambia sikumbuki vizuri. Akatingisha kichwa. Akasema huyo wakili wa Ooko amempigia simu pia, na Alhamisi atakwenda mwenyewe, haogopi mtu. Niende naye.

Jumanne, 7 Oktoba

Adhiambo ameomba nimwone baba yake. Sikuweza kukataa. Huwa siwezi kukataa mtu aliye mbele yangu, na huo nao ni ugonjwa.

Kayole, ghorofa ya nne, chumba kimoja na pazia katikati. Mzee Ooko amebaki mwembamba, jicho moja lina ukungu. Aliposikia jina langu akajitahidi kusimama! Nikamwomba akae. Akasisitiza. "Mtoto wa Mbaluka huwezi kumsalimia umekaa."

Jambo la kwanza aliloniuliza: "Baba yako anaendeleaje na mgongo?" Walifanya kazi zamu moja. Walikunywa chai kikombe kimoja, anasema, kwa sababu kingine kiliibwa. Nilitafuta hasira usoni mwake ili nipate pa kuegemea. Hakuna. Labda iliisha kule ndani. Au ananihurumia, na hiyo siwezi kuivumilia.

Akasema, "Mbaluka si mwongo, kijana wangu. Alikuwa amesikia risasi, akageuka, akaona mtu mrefu mweusi anakimbia. Warefu weusi wa reli tulikuwa wangapi? Akili yake ikamletea anayemjua." Akasema siku ile yeye alikuwa amelala, alitoka zamu ya usiku, na aliyemwona amelala ni mkewe tu. Mke hawakumsikiliza. Alikufa mumewe akiwa bado gerezani.

Adhiambo ndiye aliyeeleza shida ilipo sasa. Mzee ni mgonjwa, mapafu. Anataka kwenda nyumbani Siaya, asimamishe boma lake, azikwe humo. Ndugu zake wamekataa. Marehemu Wandera alioa kwao, na hawataki boma la muuaji katika ardhi ile mpaka mahakama iseme sivyo. Daktari hasemi ni muda gani. "Simtaki baba yako afungwe," Mzee Ooko akasema. "Aseme tu hakuwa na hakika. Maneno matatu. Hakuwa na hakika."

Nimekunywa chai yao. Nimekula andazi la mtu ambaye baba yangu alimfunga, au ambaye aliua mtu. Moja kati ya hayo mawili. Na niliondoka nikimpenda.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeanza kukumbuka.

Jumatatu nilipoamka nilikuwa na kipande: nimelalia kifua cha Susu, harufu ya ugoro, kanga yake yenye mikunjo, na mbele yetu mgongo wa Baba. Mgongo! Kwa hiyo alitazama geti. Kwa hiyo tulikuwa veranda. Nikashukuru Mungu, nikataka kumpigia simu.

Leo asubuhi nikinawa, kipande kingine. Mkono wa Susu, mkavu, umenishika kwa nguvu, mawe ya getini, na Baba kwa mbali kando ya mfereji, mgongo vile vile. Alitazama ukuta. Hapo tulikuwa getini.

Vyote ni safi kabisa. Naweza kusema kanga ilikuwa ya rangi gani. Wiki mbili zilizopita sikuwa na chochote kichwani kuhusu siku ile, chochote, ila kishindo na Mama akilia.

Kipande cha kwanza kilikuja baada ya kumwona Baba. Cha pili baada ya kumwona Ooko. Nimemweleza Celine. Akasema, basi si uwaambie hivyo hivyo, kwamba hujui? Inaonekana rahisi akisema yeye. Nikisema sijui mbele ya Baba, baada ya yote niliyoyasema mbele ya watu mia mbili bila kujua, atasikia nini?

Alhamisi, 9 Oktoba

Niko msalani. Ofisi ya wakili, ghorofa ya pili, Jogoo Road. Naandika kwenye daftari hili juu ya goti.

Tumekuja na Baba. Suti ya kijivu. Amevaa tai ya reli. Kwenye ngazi alikutana na Mzee Ooko, anapandishwa na Adhiambo. Sote tulisimama. Baba akavua kofia. Ooko akasema, "Mbaluka." Baba akasema, "Phares." Baba akampisha apande kwanza, kwa kuwa ni mgonjwa. Walipanda ngazi zote hizo mmoja nyuma ya mwingine.

Ndani wakili, mama mpole, akaeleza kwamba leo si mahakama, hakuna anayelazimishwa. Akamuuliza Baba kwanza. Baba alisema yake: mferejini, veranda, geti, Ooko, mkono. Lakini leo mkono wake haukunyanyuka. Ulibaki juu ya kofia. Na alipotaja jina la Ooko aliongea akitazama sakafu. Kwa sababu ana shaka? Au kwa sababu ana adabu, na mtu mwenyewe yuko mbele yake? Mimi ni mwanawe na sikuweza kujua.

Ooko alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakohoa muda mrefu, na Baba ndiye aliyemsogezea glasi ya maji.

Ndipo wakili akanigeukia. "Na wewe, Bwana Mumo. Bibi yako alikuwa wapi?"

Wote wanne wakanitazama. Sijawahi kupata ukumbi unaosikiliza vile. Na hapo niliona kitu cha kutisha kuliko klipu, kuliko flaski. Lolote nitakalosema wataliamini. Nikisema getini, Ooko anakwenda Siaya kujenga boma, na baba yangu anarudi Makongeni kwa watoto wa ukutani. Nikisema veranda, Baba anatembea tena mpaka kwa kinyozi, na yule mzee atazikwa mahali pa kukodi. Nitaongea vizuri, najijua. Nitaweka na kanga, na ugoro. Hata mimi nitajiamini.

Na hilo neno dogo, sijui, nilikuwa nalo mdomoni. Nilikuwa nalo! Nikaomba kwenda msalani.

Nimekaa humu muda sasa. Naona aibu kutoka, naona aibu kukaa.

Baba amekuja kugonga. Amegonga kwa kidole kimoja.

"Mumo. Ni tumbo?"

Nimesema ndiyo, Baba, ni tumbo.

"Pole. Usiharakishe, mwanangu."

Viatu vyake vimerudi. Ukuta hapa ni wa mbao, kila kitu kinasikika. Nimemsikia akiwaambia, kwa ile sauti yake ya uani, isiyo na wasiwasi: mpeni nafasi kidogo, mtoto anaumwa kweli, nimetoka kumwona sasa hivi, uso wote jasho. Adhiambo amesema, pole sana, Mzee.

Nimejigusa uso. Ni mkavu. Na komeo la mlango huu sijalifungua tangu niingie.